Funguo Zote Mezani

Mimi naitwa Mama Pindo, na kabla hujacheka, jua kwamba jina hilo nimelichuma kwa jasho. Suruali ikiwa ndefu, gauni likiwa linaburuta, koti la ofisini likifumuka kwapani, utaelekezwa kwangu. Miaka kumi na miwili sasa cherehani yangu inakaa chini ya bati moja na meza ya Dada Rimoti. Yeye ana kabati la kioo lenye maganda ya funguo za magari, mimi nina benchi la wateja, na katikati yetu kuna pazia nililolishona mwenyewe ambalo hatujawahi kulifunga hata siku moja. Kwa hiyo ninayokueleza hapa si ya kusimuliwa. Nimeyaona kwa macho yangu, na mengine, Mungu anisamehe, nimeyachochea kwa mdomo wangu.

Watu wanadhani kazi yake ni kubadilisha betri. Thubutu! Betri hata mimi nabadilisha. Njoo umwone mtu amefika anahema, gari limemgomea kwenye maegesho, amebonyeza rimoti mpaka kidole kimekufa ganzi. Dada Rimoti anamwambia kwanza akae. Anaichukua ile rimoti, anaiweka sikioni na kuitikisa polepole, asikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Kisha anaifungua ganda kwa kisu chembamba, palepale kwenye mshono. Yeye mwenyewe anauita mshono, na mimi nikisikia hivyo nafurahi. Ndani kuna kibao cha kijani, kidogo kuliko kidole gumba, na betri bapa kama kifungo cha koti. Betri haigusi kwa vidole. Anaishika kwa kibano, maana jasho linaila. Pale inapogusana na kibao anasugua kwa kifutio cha penseli, kilekile cha watoto wa shule, anapangusa kwa spiriti, anapuliza. Mara nyingi hapo mambo yamekwisha. Kama kitufe kimechoka, anaking'oa na kulehemu kingine, na moshi ule mwembamba ukipanda anafumba jicho moja.

Na maneno sasa! "Kaka, hii rimoti umeifua?"

"Hapana, dada, sijaifua. Ilikuwa mfukoni tu."

"Mfuko ulikuwa kwenye nini?"

"Kwenye suruali."

"Na suruali ilikuwa wapi?"

Bwana anaangalia viatu vyake. "Kwenye beseni."

Wanawake wenye kucha ndefu ndio anawapa darasa kamili. "Dada yangu, bonyeza kwa nyama ya kidole. Ukucha unatoboa mpira, vumbi linaingia, halafu unakuja kunililia mimi." Kuna mzee mmoja wa watu, mwenye tai, alisimama hapo barabarani robo saa nzima akibonyeza. Akamtukana fundi, akakitukana kiwanda, akalipiga gari teke. Kumbe gari si lake! Lake lilikuwa la tatu kutoka pale, rangi ileile, na kila alipobonyeza lilikuwa linawasha taa kumwita. Nilicheka mpaka nikajidunga sindano.

Lakini kazi yenyewe, ile inayowaleta watu kutoka mbali, ni kuprogramu. Ufunguo ukipotea au ukiongezwa mpya, gari lazima lijulishwe. Dada Rimoti anaingia ndani, anachomeka mashine yake kwenye plagi iliyo chini ya usukani, anakaa humo anabonyezabonyeza huku akijisemea. Hasemi kuprogramu. Anasema "nalifundisha". Alinieleza hivi, na kama mimi nilielewa na wewe utaelewa: ufunguo wa siku hizi una vitu viwili ndani ya ganda moja. Kuna chipu, hiyo ndiyo inayoiruhusu injini iwake. Na kuna rimoti yenyewe, hiyo ni ya milango na taa. Kila kimoja kinafundishwa kivyake. Na magari mengi anayoyashika yana tabia moja ya ajabu sana: kila yakifundishwa upya, yanawasahau wote ambao hawakuhudhuria. Ufunguo ambao haukuwepo siku hiyo unafutwa. Utabonyeza, kimya. Utauzungusha, injini itakuangalia tu.

Ndiyo maana ana kifuniko cha kopo la biskuti hapo mezani, na ndiyo maana neno lake la kwanza kwa kila mwenye gari ni moja: "Funguo zote mezani." Wa kwako, wa mkeo, wa dereva, ule uliouficha kabatini. Kama mmoja haupo, nenda kaulete. Watu wananuna, wanasema wana haraka. Hashughuliki nao. Siku moja alikuja bwana amependeza kweli, ana ufunguo mmoja tu. Wa pili anao mke wangu, anasema, na huo ndio nataka usifanye kazi. Ana tabasamu kabisa! Dada Rimoti akamrudishia ufunguo wake kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akamwambia, "Shemeji, mimi simfungii mtu nje wakati hayupo. Njooni wote wawili." Yule bwana hakurudi.

Msimamo ule aliurithi. Baba yake ni Mzee Tupa, na kama umewahi kupotelewa na ufunguo wa kabati katika mji huu miaka ya nyuma, umemjua. Tupa ni kile chuma chenye meno cha kuchongea, na mzee huyo alichonga funguo kwa mkono miaka arobaini, kufuli kwa kufuli, anapima kwa jicho na kwa ncha ya kidole. Binti yake alikulia chini ya meza ya baba, akiokota vumbi la shaba. Mzee alikuwa na usemi wake: "Fundi wa kufuli ni mlinzi wa mlango wa watu. Siku akimfungia mtu nje ya chake, huyo ni mwizi kama wezi wengine." Funguo za umeme zilipoingia, wenzake walilia njaa. Yeye akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akampeleka binti akajifunze.

Kisha uzeeni akajinunulia gari. La kwanza na la mwisho maishani mwake, dogo, la rangi ya maziwa, limeshapita mikononi mwa watu wawili kabla yake. Lilikuja na ufunguo mmoja. Wa pili waliutengeneza pamoja, baba na mwana: mzee alikichonga kile chuma kwa tupa zake za zamani, akakataa katakata mashine, na binti akauwekea chipu na rimoti. Ulikuwa ufunguo wa kwanza ambao Dada Rimoti alilifundisha gari bila kusimamiwa na mtu. Mzee alipobonyeza na milango ikalia "kla!", alicheka kama mtu aliyenong'onezwa siri. Akaushika huo, na ule wa asili akampa mwanawe mkubwa wa kiume autunze. Ule waliotengeneza wao aliuviringisha kwenye leso nyeupe, na tangu siku hiyo ukakaa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

Sasa, tatizo. Macho ya mzee yalianza kuingia ukungu. Mara akakwaruza lango. Mara akapotea, akakutwa amesimamisha gari mbele ya duka lake la zamani, lililofungwa miaka sita, anashangaa kwa nini hakuna mtu. Wanawe wakamwambia baba, pumzika, tutakuendesha. Akajibu, "Mimi nimewafundisha kutembea, leo mnifundishe kukaa?" Wakamwachia ufunguo wake. Utamjibu nini mzazi?

Halafu ikaja siku ya benchi. Mteja wangu mmoja, mjamzito wa miezi minane, alikuwa amekaa pale akisubiri nimpanulie gauni kiunoni. Nikamwita aje ajaribu. Kainuka, kapiga hatua tatu, nne, anashika pazia. Gari la rangi ya maziwa likaja kinyumenyume, likapanda ukingo, likalisukuma benchi mpaka ukutani na kulivunja mguu. Yule dada akapiga kelele. Mimi nilipiga zaidi. Mzee akashuka, akaliangalia benchi, akauliza, "Hili lilikuwa hapa?"

Kesho yake alirudi kwa miguu na nyundo, akalitengeneza mwenyewe. Mguu ule unacheza hadi leo. Lakini mimi nilikuwa nimewaka, na nikiwaka mdomo wangu hauna breki. Kaka yake Dada Rimoti alipokuja jioni, yule mwenye kazi ya bima, mtu wa ajali na fomu, alimkuta dada yake ananyamaza na mimi ninaongea.

"Hasikii maneno," kaka akasema. "Tukimnyang'anya ufunguo atatulaani. Lakini wewe unaweza kuufuta. Ataamini ni betri. Atachoka, atazoea."

"Kaka, usiniambie hivyo."

"Nani mwingine nimwambie?"

Dada Rimoti akanigeukia, nadhani alitaka nimtetee. Na mimi nikasema, nayakumbuka maneno yangu yote: "Ufute! Unasubiri nini, aue mtoto wa mtu? Hisia zako zitamrudisha?" Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini nani alinikumbusha siku hiyo?

Wakafanya siku ya pili, mchana, mzee akiwa amelala usingizi wake wa baada ya chakula na ufunguo wake chini ya mto. Kaka akalileta gari. Dada Rimoti akakaa ndani na mashine yake, mlango wazi. Kwenye kifuniko cha biskuti kulikuwa na ufunguo mmoja tu, ule wa kaka. Hakusema neno lake la kila siku. Dakika kumi, chipu na rimoti, kazi ikaisha, gari likarudishwa palepale lilipokuwa. Alikunja waya wa mashine mara nne, anaukunjua, anaukunja tena.

Asubuhi mzee akaja. Kwa miguu, jua linachoma, leso mkononi.

"Shikamoo baba," nikamwambia.

"Marahaba, Mama Pindo. Benchi limeponaje?" Kisha akamgeukia binti yake. "Mama, betri imekufa. Milango nimefungua kwa chuma, chuma changu kizima. Lakini injini imegoma na kuna taa ndogo nyekundu inapepesa."

Dada Rimoti akaufungua ufunguo. Betri ilikuwa nzima, niliona kwenye kipimo chake. Akaibadilisha. Mzee akashukuru, akarudi. Siku ya pili akaja tena. Binti akasugua pale betri inapogusana na kibao kwa kifutio, akapangusa kwa spiriti. "Labda unyevu, baba." Siku ya tatu akaja tena, shati limeloa mgongoni, binti akambadilishia vitufe vyote vitatu, akambadilishia na ganda. Nilimwangalia anavyolehemu kitu kisicho na ubovu, anarudia kitufe kimoja mara mbili, yeye ambaye mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Mzee alimsifu. "Huyu fundi!" akaniambia. "Hachoki na mimi." Nikainamisha uso kwenye cherehani nikashona pindo upande wa nje kama mjinga. Nilikuwa na haya, bwana, haya ya kutaka ardhi inimeze.

Siku ya nne akakaa kwenye benchi na hakuutoa ufunguo upesi. Akauviringua ule wa leso polepole, akauweka kwenye goti.

"Mwanangu," akasema, "niambie ukweli, usinionee haya. Betri ni mpya. Vitufe ni vipya. Chuma nilikichonga mimi na kinazunguka bila kukwama. Nimelifikiria usiku kucha, kufuli huwa nalitafuta hivyohivyo, unaondoa kimoja kimoja mpaka kibovu kinabaki peke yake. Kilichobaki ni mimi. Nadhani nimesahau namna ya kubonyeza." Akaunyosha mkono, kidole gumba juu. "Nionyeshe tena. Taratibu, kama mtoto."

Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali. Cherehani ikasimama yenyewe.

Dada Rimoti alitoka nyuma ya meza akapiga magoti mbele ya benchi. "Baba, wewe ni mzima. Na ufunguo ni mzima. Ni mimi nimeufuta."

"Umeufuta?"

"Nililifundisha gari upya ukiwa umelala. Ufunguo wako haukuwepo mezani."

Mzee akakiangalia kile kifuniko cha biskuti, kimelala hapo na funguo za mteja. Kisha akauliza, sauti ya chini kabisa, "Nilikufundisha fundi anayemfungia mtu nje ya chake anaitwaje?"

"Mwizi, baba."

Akauviringisha ufunguo wake kwenye leso, akaurudisha mfukoni, akainuka. Mimi nikamkimbilia nje. "Baba, kosa ni langu, mimi ndiye niliyemsukuma, mimi na mdomo wangu huu..."

"Mama Pindo," akaniambia bila kusimama, "wewe shona."

Basi nikarudi nikashona. Hajawahi mtu kunitukana vizuri namna ile.

Siku tano hakukanyaga. Dada Rimoti alikwenda kwao kila jioni akaambiwa baba amelala, na saa hizo kuku wa jirani walikuwa bado wanatembea. Kazini aliunguza kibao cha mtu, akamlipa. Wateja wakimuuliza anajibu ndiyo kwa swali la hapana. Siku ya nne kaka yake alipita akasema, "Mpe muda, atazoea." Weee! Nilimwambia vya kuzoea ni viatu, na tena viatu vipya. Baba wa mtu hazoeshwi. Nikamwambia mchana ule walimfanya mzee mwenye akili zake aamini amesahau kidole chake mwenyewe, na kwamba mimi niliyewashangilia ni mjinga wa kwanza, yeye wa pili. Akashika njia yake. Sijali.

Jumamosi asubuhi gari la rangi ya maziwa likaja, likasimama vizuri, mbali na benchi langu. Kaka ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Mzee Tupa alikuwa upande wa abiria, amevaa shati lililopigwa pasi, leso mfukoni. Alishuka mwenyewe. Dada Rimoti alisimama na kibano mkononi asijue akiweke wapi.

Mzee hakusalimu mtu. Alifika mezani, akazimwaga funguo za wateja pembeni, akakiweka kifuniko cha biskuti katikati. Akautoa ufunguo wake kwenye leso akauweka. Kisha akamtazama mwanawe wa kiume.

"Na wako."

Kaka akauweka.

"Haya," mzee akasema. "Sasa tuongee, sote tupo."

Akakaa kwenye benchi. Benchi likacheza. "Nimekasirika siku tano. Jana nikajiuliza nimekasirikia nini. Gari? Macho haya hata kijiko sioni kimegeukia wapi. Hili benchi siku ile sikuliona, Mama Pindo, nililiona baada ya kulivunja. Yule binti mjamzito nimemuota mara mbili, na mara zote mbili hakuinuka." Akalipapasa benchi kwa kiganja. "Kwa hiyo si gari. Mngeniambia, ningekataa. Nawajua, najijua. Mngeniambia tena, ningekataa tena, ningewafukuza na fimbo. Lakini ningekuwepo."

Dada Rimoti akaanza kulia bila kujificha. Kaka akatazama dari, na kwenye bati letu hakuna cha kutazama.

"Nisamehe, baba," dada akasema.

"Nimekusamehe siku ileile, nilipofika kwenye kona. Nilikuwa nimechoka tu kurudi nyuma kwa miguu kukwambia." Akamvuta kwa kiganja akamkalisha kando yake. "Sasa nisikilize, fundi. Huu ufunguo una vitu viwili ndani, ulinieleza siku tunautengeneza. Cha injini na cha milango."

"Ndiyo. Chipu na rimoti."

"Chipu iache hivyohivyo, imefutwa. Usiirudishe hata nikikubembeleza. Na nitakubembeleza, najijua. Lakini hicho cha milango, lifundishe tena. Sitaki linipeleke popote, mama. Nataka nikiliita liitike."

Mimi nilikuwa nalia kwenye suruali ya mtu.

Dada Rimoti akaingia kwenye gari. Safari hii alisema, kwa sauti, kama anavyowaambia wote, "Funguo zote mezani," na mzee akajibu kutoka kwenye benchi, "Zipo." Akautumia ule wa kaka, akawasha akazima, akafunga mlango akaufungua, mizunguko yake ile, akabonyeza wa kaka, akabonyeza wa baba. Gari likagonga makufuli yake mara mbili kuonyesha limeelewa. Akatoka akampa baba yake ufunguo kwa mikono miwili.

Mzee akasimama barabarani. Akanyosha mkono, kidole gumba, nyama ya kidole wala si ukucha, na akabonyeza. Taa zikawaka mara mbili. Kla!

"Linanijua," akasema.

Siku hizi mambo ni hivi. Dada Rimoti ndiye anayemwendesha, Jumatano na Jumamosi, na kaka siku nyingine. Na hakuna anayeingia kwenye lile gari kabla mzee hajalifungua yeye, hata iwe mvua. Mnasimama hapo mnaloa, anatafuta leso, anaviringua, anabonyeza, kisha anamwambia binti yake, "Ingia, dereva." Mara moja nilimharakisha. Akanigeukia, "Mama Pindo, wewe shona." Nikaomba radhi.

Alijaribu kubembeleza, kama alivyoahidi. Mara tatu. Alikataliwa mara tatu, na mara ya tatu alicheka.

Na betri. Betri ya rimoti hudumu mwaka, miwili kwa mtu anayeitunza. Ya Mzee Tupa haimalizi miezi miwili, maana anakaa dirishani kwake asubuhi na gari liko chini uani, na kutwa analibonyezea. Linawasha taa, anaitikia kwa kichwa, anasubiri kidogo, anabonyeza tena. Majirani wameshazoea. Ikifika siku yake utamwona anakuja kwa miguu, leso mkononi, na Dada Rimoti akimwona tu kwa mbali anashika kibano.

"Mama," anasema mzee, "betri imekufa."

Anaipima mbele yake, anamgeuzia kipimo aone sindano ilivyolala, na anamwambia, "Kweli, baba. Imekufa."